Njiwa walikuwa kifungu cha 2

Wasee, nikisema nyumba ya njiwa mnafikiria nini? Mimi nilikuwa nafikiria kale kasanduku ka mbao juu ya nguzo, pale shagz. Sasa enda ucheki ile ya Manoir d'Ango, kule Normandie, Ufaransa. Mnara mzima wa duara, matofali na mawe yamepangwa kwa mapambo, juu kuna kuba. Ndani ni matundu kama 1,600, na kila tundu ni la njiwa wawili, dume na jike. Piga hesabu. Ilijengwa karne ya 16 na Jehan Ango, tajiri wa meli wa Dieppe, na leo inalindwa kisheria kama jengo la kihistoria.

Swali langu: hao njiwa wote walikuwa wanakula wapi?

Kwa mashamba ya maskini, wapi tena. Normandie, haki ya kujenga mnara kama huo ilifuata ardhi ya kikabaila. Mkulima wa kawaida hangejijengea tu. Bwana anakula makinda, nyama laini kabisa, na kinyesi kinakuwa mbolea yake. Wewe ukipanda mbegu, ndege wake wanashuka kuokota, na huruhusiwi kuwaua. Yaani unalisha kuku wa jirani, halafu ukimrushia jiwe ni wewe unashtakiwa!

Mwaka wa 1789 Mfalme Louis wa 16 akaambia watu waandike malalamiko yao. Vijiji vingi viliandika njiwa. Usicheke. Bastille ilianguka Julai 14, na wiki tatu baadaye, usiku wa Agosti 4, bunge likaanza kufuta ukabaila. Soma ile amri iliyotoka. Kifungu cha 1 kinavunja ukabaila wenyewe. Cha 2? Njiwa. Kabla ya uwindaji, kabla ya mahakama za mabwana, kabla ya zaka ya kanisa. Haki ya mabwana peke yao ikaisha, njiwa wafungiwe msimu ambao wanakijiji wataamua, na ukimpata shambani mwako wakati huo, ua.

Sisemi minara ibomolewe. Ilindwe, tena vizuri. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaunganisha video ya sekunde 30, muziki mtamu, picha za kuba tu, eti maisha matulivu ya kijijini. Nimeifuta. Mpya inaanza na mtu ameshika mbegu mkononi, anaangalia juu.