Tingatinga lipi?

Taja "tingatinga" mbele ya fundi wa barabara, atawaza mtambo wa kusukuma vifusi. Litaje hilohilo kwa wachoraji wa Oysterbay, Dar es Salaam, utaonyeshwa chui. Hili la pili ni jina la mtu: Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Alitumia rangi za mafuta zing'aazo kwenye silingibodi iliyokatwa mraba. Mtazame mnyama wa mtindo huo: madoa yamedonolewa moja moja, jicho limekodoka, mkia umepindwa ili uenee ubaoni. Hana kivuli, na nyuma yake mara nyingi ni rangi moja tupu.

Wafuasi wake waliendeleza uchoraji huo, na jina likageuka nomino ya kawaida: "anachora tingatinga". Hapo kalamu husitasita. Mimi humwandikia mtu T kubwa, picha t ndogo. Na upatanisho? Mtambo ni "tingatinga lile". Picha naiita "tingatinga ile", hata mhariri wangu akinuna.