Mashine Isiyowashwa

Naomba radhi kwa kupotea. Sikuwa safarini wala sikuishiwa na maneno. Nilikuwa nasoma, na kilichonifanya nisome ni simu moja iliyoingia saa tano usiku.

Aliyepiga ni binamu yangu anayeishi Leeds, Uingereza. Huu ni mwaka wa tatu anaumwa sonona. Sizungumzii ile huzuni ya mtu aliyeachwa au aliyekosa kazi. Nazungumzia ile ya mtu kukaa kitandani akitazama kikombe cha chai mpaka kinapoa, kwa sababu mkono umekataa kunyanyuka. Ameshatumia vidonge vya aina tatu. Sasa daktari wake amemwambia kuna tiba ya sumaku: unakaa kwenye kiti, unawekewa kichwani kitu chenye umbo kama la upawa, kinagonga-gonga, halafu unarudi nyumbani kwako.

"Wewe si ndiye mwandishi wa habari?" akaniambia. "Basi nichunguzie. Kinafanya kazi kweli, au wananipotezea muda?"

Ningemjibu haraka haraka kama si mama yake. Mama yake ni shangazi yangu, na shangazi alipigwa shoti. Ilikuwa miaka ya 80, katika hospitali ambayo sitaitaja. Wauguzi wanne walimshika mikono na miguu, hakupewa nusu kaputi, akapitishiwa umeme kichwani. Alipata nafuu, hilo hata yeye halikatai. Alirudi kupika, akarudi kufundisha, akarudi kucheka. Lakini harusi ya mdogo wake, ambayo yeye yupo karibu kwenye kila picha, haikumbuki hata kidogo. Aliposikia mwanawe ameambiwa habari za mashine ya kichwani alisema neno moja tu: "Asiguswe."

Kwa hiyo nikajikuta katikati ya watu wawili ninaowapenda, nikafanya kile ninachojua kufanya. Nikaanza kusoma. Na nilichokuta ni kwamba historia yote ya tiba hizi zisizo za vidonge inazunguka swali moja ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana: utajuaje kwamba ni mashine ndiyo iliyomponya mtu?

Kwa kidonge ni rahisi. Unatengeneza kidonge kingine kinachofanana nacho, ndani hakuna dawa, unawagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, na hakuna anayejua kapewa kipi. Sasa je, umeme? Je, kisu? Hebu fikiria utamdanganyaje mtu kwamba umempiga shoti.

Tuanze mwaka 1934, Budapest. Daktari Ladislas Meduna aliamini kwamba kifafa na skizofrenia ni maadui, havikai katika mwili mmoja. Akaona kwamba ukimsababishia mgonjwa degedege, skizofrenia itakimbia. Akaanza kuwachoma watu sindano za kafuri, baadaye dawa nyingine kali zaidi iliyoitwa Cardiazol. Wazo lenyewe lilikuwa kosa. Leo tunajua kwamba watu wenye kifafa wanaweza kabisa kuugua magonjwa ya akili, tena zaidi kuliko wengine. Lakini baadhi ya wagonjwa wake walipata nafuu, na habari zikaenea. Tatizo ni kwamba kati ya sindano na degedege mgonjwa alipita katika kipindi cha hofu kuu, hofu ambayo wengi hawakutaka kuirudia kwa gharama yoyote.

Huko Rome, Ugo Cerletti akawa anatafuta njia ya haraka zaidi. Akasikia kwamba kwenye machinjio ya mji ule nguruwe wanauawa kwa umeme. Akaenda kujionea. Akakuta si kweli kwamba umeme unawaua. Umeme uliwaangusha tu kwa degedege, ndipo mchinjaji akawakata koo. Nguruwe ambaye hakuchinjwa aliamka baada ya muda akaenda zake. Cerletti akarudi kazini na jibu lake. Msaidizi wake, Lucio Bini, akaunda mashine.

Aprili 1938 polisi waliwaletea mtu aliyekuwa anazurura kwenye stesheni ya treni, anaongea maneno yasiyoeleweka. Hakuwa na ndugu wa kumsemea. Shoti ya kwanza ilikuwa ndogo mno. Hakupoteza fahamu, bali alianza kuimba. Madaktari wakasimama pale pale wakajadiliana kama waongeze. Na hapo, kwa simulizi ya Cerletti mwenyewe, yule mtu ambaye maneno yake yalikuwa hayaeleweki akatamka waziwazi kwamba wasirudie, itamuua.

Wakarudia, kwa umeme mkubwa zaidi. Akapata degedege, akaamka mtulivu. Baada ya awamu kadhaa akaruhusiwa kwenda nyumbani, akiwa na nafuu. Baadaye ugonjwa ulimrudia.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikaenda kunywa maji. Mgonjwa wa kwanza wa tiba hii, sentensi yake ya kwanza yenye maana ilikuwa kukataa. Na hakuna aliyeihesabu kuwa ni kukataa.

Baada ya hapo shoti ilisambaa duniani ndani ya miaka michache tu. Watu walivunjika mifupa ya uti wa mgongo kwa nguvu ya degedege, mpaka miaka ya 50 nusu kaputi na dawa za kulegeza misuli zilipoanza kuwa kawaida katika nchi tajiri. Nimesema nchi tajiri. Kwingine mambo yaliendelea vile vile kwa miongo mingi, na ndivyo shangazi yangu alivyoingia katika historia hii.

Kumbuka kwamba mpaka hapo hakuna aliyelinganisha chochote na chochote. Daktari alitibu, mgonjwa akaonekana bora, basi. Kwa mtindo huo huo Egas Moniz wa Ureno alianza mwaka 1935 kukata nyuzi za ubongo wa wagonjwa, na mwaka 1949 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Marekani makumi ya maelfu ya watu walikatwa, akiwemo Rosemary Kennedy, dada wa rais wa baadaye, mwaka 1941, akiwa na miaka 23. Hakuweza tena kuishi bila kuangaliwa. Tuzo haijafutwa hadi leo. Sina la kuongeza.

Kisa kilichonifundisha zaidi ni cha insulini. Mwaka 1933 Manfred Sakel wa Vienna alitangaza kwamba anatibu skizofrenia kwa kumchoma mgonjwa insulini nyingi mpaka sukari inashuka na anazimia, kisha anamwamsha kwa glukosi. Kesho tena. Keshokutwa tena. Wiki nenda wiki rudi. Wengine hawakuamka. Hata hivyo hospitali kubwa za Ulaya na Marekani zilifungua wodi maalumu za insulini, na kuwa daktari wa wodi hiyo ilikuwa heshima.

Mwaka 1953 daktari kijana wa Uingereza, Harold Bourne, aliandika katika jarida la Lancet kwamba insulini ni hekaya. Wakubwa wake walimshukia kama mwewe. Lakini mwaka 1957 matokeo ya jaribio halisi yalitoka London, katika jarida hilo hilo. Wagonjwa waligawanywa: wengine walizimishwa kwa insulini, wengine kwa dawa ya usingizi tu. Wodi moja, wauguzi wale wale, muda ule ule, maneno matamu yale yale wakati wa kuamka. Matokeo? Hakuna tofauti. Kilichokuwa kinawasaidia, kama kulikuwa na kitu, hakikuwa insulini. Wagonjwa waliokuwa wametelekezwa kwa miaka walikuwa ghafla wana watu wa kuwahudumia, wanaowaita kwa majina na kutarajia wapone.

Nadhani hapa wengi wetu tungesema, basi hata shoti ni hivyo hivyo. Mimi pia nilisema. Na nilifurahi nilipokutana na kisa cha mwaka 1974, ambapo daktari mmoja wa Uingereza alisimulia katika jarida la World Medicine kwamba mashine ya shoti ya hospitali yake ilikuwa mbovu kwa takriban miaka 2 bila mtu kujua. Wagonjwa walikuwa wanalazwa usingizi, wanawekewa vyuma kichwani, kitufe kinabonyezwa, wanaamka. Hakuna aliyelalamika. Nilicheka peke yangu sebuleni kama mwehu. Nikawa tayari kumpigia shangazi.

Nashukuru sikupiga. Kwa sababu kisa kile, pamoja na aibu yake, kilionyesha kwamba swali langu la mwanzo lina jibu: mtu akishalala kwa nusu kaputi, hajui kama umeme ulipita au haukupita. Mwaka 1980 hospitali ya Northwick Park, London, ilitoa matokeo ya jaribio la aina hiyo, safari hii kwa makusudi. Wagonjwa 70 wa sonona kali, wote wakilazwa mara 8, wote wakiwekewa vyuma, ila kwa nusu yao umeme haukuruhusiwa kupita. Waliopata umeme walipona zaidi. Lakini waliokosa nao walipata nafuu kubwa, na baada ya miezi kadhaa tofauti ya makundi mawili ilikuwa imeyeyuka. Mwaka 2003 watafiti walikusanya majaribio 6 ya namna hiyo, jumla wagonjwa 256, na jibu likawa lile lile: kwa muda mfupi, umeme wa kweli una nguvu kuliko umeme wa uongo. Wapo wanaobisha mpaka leo kwamba majaribio yale yalikuwa madogo na ya zamani. Hata hivyo shoti si insulini. Kuna kitu pale. Na madhara kwenye kumbukumbu pia yapo. Yote mawili ni kweli, na shangazi yangu ni ushahidi wa yote mawili.

Sasa sumaku ya binamu yangu. Ilizaliwa Sheffield, mwendo wa kama saa moja kwa treni kutoka anakoishi yeye. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake walionyesha kwamba ukiweka waya uliosokotwa juu ya kichwa na kupitisha mkupuo mkali wa umeme ndani yake, sumaku inayotokea inapenya fuvu bila kuliumiza, na vidole vya mtu vinaruka vyenyewe. Hawakuwa wanatafuta tiba ya sonona. Walitaka kupima mishipa ya fahamu. Wengine ndio waliokuja miaka ya 90 kuijaribu kwa wagonjwa wa sonona.

Ila hapa tatizo la udanganyifu lilirudi upya, kwa kuwa mgonjwa yuko macho! Anasikia mlio, anahisi kugongwa. Mwanzoni watafiti waliinamisha tu kile kifaa pembeni ili sumaku isiingie kichwani, lakini mtu mwerevu angeweza kushtuka. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2007, lenye wagonjwa 301, lilikosa shabaha yake kuu kwa unywele. Mwaka uliofuata serikali ya huko iliiruhusu mashine hiyo hata hivyo. Ndipo likaja jaribio lililotangazwa mwaka 2010, la wagonjwa 190, ambapo walitengeneza mashine bandia yenye mlio ule ule na inayochokoza ngozi ya kichwa kwa umeme mdogo ili ihisike sawa. Waliopona kabisa kwa sumaku ya kweli walikuwa asilimia 14. Kwa ile ya uongo, asilimia 5. Uingereza nayo iliikubali mwaka 2015.

Kuna jingine linaloninyima usingizi. Mwaka 2005 daktari Helen Mayberg na wenzake, Toronto, walichomeka nyaya ndani kabisa ya ubongo wa wagonjwa 6 wa sonona iliyoshindikana. Wanne walipata nafuu kubwa. Ikaja kampuni, ikafanya jaribio kwa watu 90. Wote walitobolewa fuvu, wote wakawekewa nyaya, lakini kwa 30 mashine haikuwashwa kwa miezi 6. Jaribio likasitishwa kabla ya kumalizika: hakukuwa na tofauti. Baadaye wote wakawashiwa, na walipofuatiliwa mpaka miaka 2 karibu nusu walikuwa na nafuu kubwa, watu waliokuwa wagonjwa kwa miaka na miaka. Je, ni mashine iliyohitaji muda? Au ni tumaini, na daktari aliyekuwa anawapigia simu? Mimi nawafikiria wale 30. Miezi 6 na chuma baridi kichwani, kila asubuhi wakijiuliza kama leo wanajisikia vizuri kidogo.

Nilimpigia binamu yangu Jumamosi. Nikamweleza yote, pamoja na hizo namba.

"Kumi na nne kwa mia?"

"Ndiyo. Na watano kwa mashine ya uongo."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Hata hao watano mimi nataka kuwa mmoja wao." Nikacheka, yeye hakucheka.

Shangazi alikuwa mgumu zaidi. Nilimweleza kwamba sumaku si shoti, hakuna degedege linalotakiwa, mtu hapewi nusu kaputi, na kumbukumbu haiguswi kama ilivyokuwa kwake. Kichwa kinaweza kuuma, na ni nadra sana mtu kupata degedege kwa bahati mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akauliza swali ambalo sikulikuta katika makala zote nilizosoma.

"Akiwa pale kwenye kiti akasema basi, wataacha?"

Nikamwambia nitauliza. Nikauliza. Wataacha.

Anaanza Jumatatu, siku tano kwa wiki, kama mwezi mzima na zaidi. Shangazi ametaka apigiwe simu kila siku kabla binti yake hajakaa kwenye kile kiti na kila siku akishasimama, na mimi ndiye nimeachiwa kazi ya kumnunulia vocha.