Jinsi ya kumtambua mbwa aliyejawa na hofu

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, mbwa wengi hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Kwa sababu hiyo, mbwa anayebweka ovyo au kukwaruza lango usiku kucha huitwa mkaidi na aghalabu huchapwa. Ni wachache wanaotambua kwamba mnyama huyo anaogopa, mpaka siku anapomng'ata mtoto.

Wasiwasi humpata mbwa anapotarajia baya, hata kama halijatokea. Kiwewe ni hofu iliyopita kiasi, ambapo mbwa hawezi tena kujizuia wala kusikia amri ya mwenyewe.

Dalili za mwanzo ni ndogo. Mbwa hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza uso, hulaza masikio nyuma na kuficha mkia katikati ya miguu.

Wasiwasi ukizidi, hutetemeka, huhema hata kukiwa na baridi, hutokwa na mate, huzungukazunguka na kukataa hata nyama. Akipatwa na kiwewe, hujikojolea, hutafuna mlango au hujaribu kuruka ukuta wenye vigae vya chupa na kujijeruhi.

Mbwa akikauka ghafla na kukukodolea macho, usimsogelee. Vilevile, usimwadhibu kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayechapwa kwa sababu hiyo huweza kujifunza kung'ata bila kuonya.

Vyanzo vya hofu ni vingi: fataki za usiku wa Mwaka Mpya, radi za mvua ya masika kati ya Machi na Mei, na honi za matatu. Mbwa anayefungiwa kibandani peke yake mchana kutwa pia huathirika. Isitoshe, mtoto wa mbwa asiyezoeshwa watu na kelele kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya maisha yake huweza kukua akiwa mwoga.

Hata hivyo, si kila badiliko la tabia ni hofu. Maumivu huweza kumfanya mbwa awe mkali. Akishindwa kumeza, akitokwa na mate mengi, akipooza au akishambulia bila kuchokozwa, huenda ana kichaa cha mbwa. Usimguse, mwite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyohiyo apewe chanjo. Mnamo 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kumaliza ugonjwa huo kufikia 2030, nayo nguzo yake kuu ni kuchanja mbwa.

Kwa mbwa mwenye hofu, mtengee pahali penye kiza na utulivu, funga madirisha na umwache ajifiche. Akikujia, mliwaze, kumliwaza hakumwongezei woga. Mzoeshe kelele kidogo kidogo huku ukimpa chakula anachokipenda. Usimpe dawa za binadamu, kwani baadhi huweza kumuua.

Zaidi ya yote, wafunze watoto kutomgusa mbwa aliyefungwa, anayekula au aliyejificha. Mbwa aliyekosa pa kukimbilia hujitetea kwa meno.