Shanga Zilikuwa Pesa Kabla ya Shilingi, Halafu Wewe Unaniuliza Kwa Nini Ninaandika Bei

Chini ya kitanda changu kuna katoni ya shanga. Ilikuwa kilo sita wakati ilifika, rangi za kufifia-fifia, ile waridi ya mbali na kijani ya mbali ambazo kila mtu kwa video za ng'ambo alikuwa anavaa. Nilizinunua na pesa niliyokuwa nimeweka ya karo. Mathe alijua baada ya wiki tatu, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Kwa wale wageni hapa: nina duka dogo la mtandaoni. Ninauza shanga, uzi wa nailoni, lastiki, sindano, kulabu za hereni na koleo ndogo za kukunja waya. Duka lenyewe ni meza moja karibu na dirisha, mizani ya jikoni na simu. Ninapiga picha asubuhi kukiwa na mwanga mzuri, mteja anatuma M-Pesa, ninafunga, mzigo unaenda na boda ama unapanda matatu ya Nakuru. Ni hayo tu.

Sasa, katoni ilipokataa kutoka, mjomba wangu aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, achana na hiyo michezo ya wasichana, tafuta biashara ya maana." Sikumjibu, ni mjomba wangu. Lakini nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na manze, nilichopata kilinifanya nikae chini. Kwa hii ardhi yetu kuna vitu vichache sana vimefanyiwa biashara kwa muda mrefu kama ushanga.

Anza na zamani kabisa. Pale Bonde la Ufa, karibu na Naivasha, kuna pango linaitwa Enkapune ya Muto. Wanaakiolojia walipata hapo shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa takriban miaka 40,000. Kwa pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wamepata za zamani zaidi, na zingine huko ni za kombe za baharini. Fikiria mtu amekaa, hana chuma, hana umeme, anatoboa kipande cha ganda kidogo kuliko ukucha bila kukivunja. Mimi nina koleo na bado ninavunja.

Halafu nenda kisiwa cha Pate, Lamu. Kuna magofu ya mji uliokuwa na watu kuanzia karne ya 8 hadi mwanzo wa karne ya 15. Unaitwa Shanga. Ndiyo, Shanga. Walipochimba pale katika miaka ya 1980, walipata kwamba wenyeji walikuwa wakitengeneza shanga za kombe wenyewe, wakizisugua kwa mawe mpaka zilaini. Baadaye shanga za kioo kutoka India zikaja na majahazi ya kaskazi, na za ndani zikaanza kushindwa. Ukisikia fundi wa hapa akilia kwamba bidhaa ya nje imemmaliza, jua hicho kilio si cha juzi.

Lakini sehemu iliyonishika ni ya karne ya 19, wakati misafara ilikuwa inatoka Zanzibar na Bagamoyo kwenda bara. Huko bara shilingi haikuwa imezaliwa. Chakula, maji, ruhusa ya kupita, vyote vililipwa kwa kitambaa, waya na shanga. Na kulikuwa na vipimo vyake kabisa. Uzi wa shanga kutoka kidole gumba hadi kiwiko na kurudi uliitwa khete. Khete kumi zilikuwa fundo moja. Hiyo ilikuwa noti na sarafu.

Sasa wewe unafikiri mzungu alikuwa anabeba gunia la vioo, anamwaga, watu wanashangilia? Hapana. Richard Burton, aliyepita huko kuanzia 1857, aliandika kwamba kulikuwa na aina karibu 400 za shanga sokoni, kila moja na jina lake na mahali pake. Henry Morton Stanley alipofika Zanzibar mwaka wa 1871, akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, shanga zilimpa kichwa kuuma. Aliambiwa nyeusi zinapita Ugogo lakini kwingine watazikataa. Nyeupe zinakubalika Ufipa, lakini kwingine zitadharauliwa. Ukikosea hesabu, unafika katikati ya safari na magunia yamejaa lakini huwezi kununua hata kuku mmoja. Alinunua magunia 22, na bado alikuwa na wasiwasi. Alikuwa amesikia kwamba Burton na mwenzake Speke walilazimika kutupa mamia ya mafundo ya shanga ambazo hakuna mtu alizitaka.

Nilisoma hapo nikaangalia chini ya kitanda. Basi hata wao stoki ililala!

Mwaka wa 1883 Joseph Thomson alikuwa njiani kuelekea nchi ya Wamaasai. Alipofika Taveta akapata habari kwamba shanga zake ziko sawa lakini nyuzi zake hazina urefu ambao Wamaasai wanautambua. Hazitapita. Msafara mzima ukasimama, watu wakaketi chini ya miti ya Taveta wakaanza kufumua na kutunga upya, maelfu kwa maelfu ya nyuzi. Mtu ametoka Uingereza na mali yake, anasimamishwa na kipimo cha mnunuzi ambaye hajawahi kumwona.

Hilo ndilo somo la kwanza, na ningelijua mapema ningekuwa na karo yangu. Aliyetengeneza shanga alikuwa Venice ama Bohemia. Aliyezibeba alitoka pwani. Lakini aliyeamua kama hiyo shanga ina thamani alikuwa mnunuzi wa bara. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi nilisafiria nyota ya msichana wa ng'ambo mwenye wafuasi wengi. Nilipoenda Kariakor kumwonyesha mama mmoja ninayenunua kwake uzi, alishika zile shanga zangu, akazigeuza kwa kiganja, akaniuliza swali moja tu: "Mrembo, nani alikuagiza hizi?" Nikakosa jibu. Wateja wangu walikuwa wananiuliza nyekundu, nyeupe, nyeusi na kijani kila wiki. Walikuwa wananiambia saizi 11 kwa kazi ndogo, saizi 8 kwa bangili. Mimi nilikuwa ninajibu, "Inakuja," huku nikinunua nilichopenda mimi.

Lakini kuna somo la pili, na hili si tamu.

Nisikuuzie hadithi nusu. Hizo khete na mafundo hazikununua kuku na mtama peke yake. Zilinunua pembe za ndovu zilizoenda kuwa vibao vya piano Ulaya na Marekani. Zilinunua watu pia. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka wa 1873, ina maana Stanley alipokuwa anachagua rangi za shanga, soko lilikuwa bado wazi. Na faida ya hiyo biashara yote ilitoka wapi? Umbali. Kadiri ulivyoingia ndani, ndivyo shanga ya bei ya chini pwani ilivyonunua zaidi. Aliyeuza pembe bara hakujua shanga ilinunuliwa kwa ngapi Zanzibar, wala pembe yake itauzwa kwa ngapi London. Mnunuzi wa bara alikuwa na nguvu ya kusema "rangi hii sitaki". Hakuwa na nguvu ya kujua bei. Anayejua bei pande zote mbili ndiye alitajirika.

Na aliyebeba? Mpagazi. Hapo jina Kariakor linaniuma kila nikishuka hapo na mfuko wangu. Linatoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu ya hao wapagazi walikufa, wengi kwa ugonjwa na njaa kuliko risasi. Leo tunaenda soko lenye jina lao kununua viondo, ndala za ngozi na shanga, na wengi wetu hatujui.

Baadaye reli ikafika Kisumu, 1901, rupia ikaenea, serikali ya kikoloni ikataka kodi ya nyumba. Shanga ikaacha kuwa pesa. Lakini haikufa, na hiki ndicho kitu kinanifurahisha. Kioo cha Bohemia kilipofika kwa wingi kwa Wamaasai na Wasamburu mwishoni mwa karne ya 19, wanawake walikichukua wakakifanya chao kabisa, mpaka leo ukiona mkufu mpana shingoni huwezi kufikiria kiwanda cha Ulaya. Na mwaka wa 1975, pale Karen, Kazuri ilianza kutengeneza shanga za udongo hapa hapa ikiwa na akina mama wawili wasio na waume. Kazi ya mkono, na malighafi ya hapa.

Kwa hivyo nikirudi kwa duka langu. Nilikuwa na tabia moja, na ninyi mnaijua kwa sababu kila duka la mtandaoni linayo: "Bei njoo inboksi." Unajua kwa nini tunaifanya? Tusidanganyane. Ni ili nikuangalie kwanza. Picha yako ikiwa ya mkahawa mzuri, bei inapanda. Tena nilikuwa ninauza gramu 50 kwa bei ya juu kwa kila gramu kuliko anayebeba nusu kilo. Na ananunua gramu 50 nani? Ni yule mama anayetunga mikufu usiku akiuza Maasai Market, hana pesa ya kubeba nusu kilo. Yaani mwenye kazi ngumu zaidi ndiye alikuwa ananilipa zaidi. Nilipoelewa faida ya misafara ilitoka wapi, nilijiona humo ndani.

Sasa bei iko kwa kila picha. Bei moja kwa gramu, uwe unabeba 50 ama kilo. Faida imepungua, siwezi kudanganya, na mwezi wa kwanza nilitetemeka. Lakini wale wamama wanarudi, na wakirudi wananiambia rangi gani itaenda Desemba. Hiyo habari Stanley angeilipia magunia.

Katoni bado iko chini ya kitanda. Yule mama wa Kariakor aliniambia nizitenge kidogo kidogo kwa pakiti pamoja na nyeusi, ati nyeusi itazipa nguvu. Kilo mbili zimetoka. Zimebaki nne.

Na mjomba, kama unasoma: hii si michezo. Imekuwa kazi tangu enzi za mapango. Swali ni nani anajua bei.