Sanamu ya nani, sherehe ya nani?

Kaunti ikitangaza tu sanamu ya maadhimisho, watu huuliza: hizo pesa si zingetengeneza barabara? Swali halali. Mimi huongeza lingine: nani anahesabiwa kuwa mwanzilishi?

Machi 1950 Nairobi ilifanywa jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza. Zikaandaliwa sherehe kubwa, lakini shirikisho la vyama vya wafanyakazi likawaambia watu wake wasusie. Waliojenga mji huo kwa mikono yao walikuwa wamesongamana Pumwani, washerehekee nini? Mei viongozi wao wakakamatwa, mgomo ukafuata.

Sasa sikia hii. Msitu wa Nyandarua, alikopigania Dedan Kimathi, tunauona kutoka kwetu Endarasha. Alinyongwa Kamiti 18 Februari 1957. Miaka 50 kamili baadaye, 18 Februari 2007, sanamu yake ya shaba ikazinduliwa katikati ya jiji lile lile, bunduki mkononi, kwenye barabara ambayo wakoloni waliiita Hardinge.

Na marufuku dhidi ya Mau Mau? Iliondolewa 2003. Sanamu ingesimamishwa mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali ingekuwa inamuenzi kiongozi wa kundi haramu.