Msimu Kombe Lilipohamia Chamazi

Ilikuwa Jumapili, Septemba 22, 2013, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Azam ilitangulia kwa bao la mapema la John Bocco. Yanga, mabingwa watetezi, wakarudi mchezoni kwa mabao ya Didier Kavumbagu na Hamis Kiiza, kisha Kipre Tchetche akaisawazishia Azam kwa penalti. Mechi ikiwa ukingoni, watu wakianza kuukubali ugawaji wa pointi, kinda wa akademi ya Azam, Joseph Kimwaga, akapachika la tatu. 3-2. Ligi haikuwa imefikisha hata mwezi mmoja, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuliandika bao lile kwa wino mzito. Hesabu za Aprili ndizo zilizokuja kulipandisha bei.

Ili kuelewa msimu ule wa 2013/14 ni lazima kukumbuka ukame uliotangulia. Mtibwa Sugar ya Manungu, Turiani, ilibeba ubingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Baada ya hapo mlango ukafungwa. Kwa zaidi ya miaka kumi kombe lilikuwa likivuka tu kutoka Msimbazi kwa Simba kwenda Jangwani kwa Yanga na kurudi, na msimu wa 2009/10 Simba ililibeba bila kupoteza hata mchezo mmoja. Vijana waliozaliwa miaka ya tisini walikua wakisimuliwa na wazee habari za Tukuyu Stars, waliopanda daraja na kutwaa ubingwa mwaka 1986, au za Coastal Union ya Tanga ya 1988. Kwao zilikuwa hadithi za kale.

Azam haikuwa na historia ya namna hiyo. Ilianzishwa mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa, watu wa unga, juisi na aiskrimu, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008. Ikajenga uwanja wake Chamazi, nje kidogo ya jiji upande wa Mbagala, ikaweka akademi, ikalipa mishahara kwa wakati. Wapenzi wa Simba na Yanga, ambao klabu zao kongwe hazikuwa na uwanja wa kuchezea mechi za ligi, waliwatania: Wanalambalamba, timu ya ofisini isiyo na mashabiki. Utani huo ulikuwa na ukweli kiasi. Chamazi palikuwa patulivu mno siku nyingi za mechi. Lakini timu hiyo isiyo na kelele ilimaliza nafasi ya pili 2011/12 nyuma ya Simba, ikarudia nafasi hiyohiyo 2012/13 nyuma ya Yanga.

Msimu ulianza Agosti 24 kukiwa na mgogoro mezani. Azam Media ilikuwa imechukua haki za kuonyesha mechi za ligi kwa miaka mitatu, kila klabu ikiahidiwa shilingi milioni 100 kwa msimu. Yanga ikagoma. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi kama wengi walivyotaka ionekane: mshindani wako wa ubingwa anawezaje kuwa ndiye anayekulipa na kukupiga picha? Klabu nyingine, hasa za mikoani zilizozoea kukopa nauli ya basi, hazikuwa na muda wa mjadala huo. Oktoba, Shirikisho la Soka likapata rais mpya, Jamal Malinzi, akampokea kijiti Leodegar Tenga. Mkataba ukabaki palepale.

Uwanjani timu zilikuwa 14, mechi 26 kwa kila moja. Siku ya ufunguzi Yanga iliifumua Ashanti United iliyopanda daraja kwa mabao 5-1, Simba ikabanwa 2-2 na wageni wengine wa ligi, Rhino Rangers, mjini Tabora, na Azam ikatoka sare ya 1-1 na Mtibwa pale Manungu.

Kama ni burudani, Oktoba 20 ilitosha kwa msimu mzima. Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3-0 dhidi ya Simba, bao moja la Mrisho Ngassa na mawili ya Kiiza. Baadhi ya wana-Msimbazi walianza kuondoka majukwaani, maana aibu ya watani huwa haisubiri filimbi ya mwisho. Waliobaki waliona Betram Mombeki akirudisha moja, beki Joseph Owino akirudisha la pili, na Mrundi Gilbert Kaze akimalizia la tatu. 3-3. Kwa Simba sare ile ilisherehekewa kama ushindi, na pengine ndiyo ilikuwa siku yao bora katika msimu mbaya. Siku nane baadaye Azam iliwachapa 2-1, Tchetche akifunga yote mawili.

Wakati macho yako Dar es Salaam, Mbeya palikuwa na jambo jingine. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, ilikuwa imepanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Kocha wake, Juma Mwambusi, hakuwa na wachezaji wa kigeni wa kutambia. Alikuwa na vijana wenye pumzi na Uwanja wa Sokoine uliogeuka zambarau kila timu ilipocheza. Yanga ilikwenda Mbeya Septemba ikarudi na sare ya 1-1. Simba ilipata 2-2 Taifa. Novemba, Mbeya City ikafunga mabao matatu Chamazi kwenyewe, ikagawana pointi na Azam kwa 3-3. Mashabiki wake walisafiri kwa mabasi kuifuata timu, jambo ambalo kwa klabu ya mkoani lilikuwa limesahaulika kabisa.

Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, msimamo ulisomeka hivi: Yanga 28, Azam 27, Mbeya City 27, Simba 24. Ni mbili tu, Azam na Mbeya City, zilizokuwa hazijafungwa katika mechi 13, na hakuna hata moja kati yake iliyotoka Kariakoo.

Kisha makocha wakaanza kuondoka. Stewart Hall, Mwingereza ambaye Azam iliwahi kumfukuza 2012 baada ya fainali ya Kombe la Kagame na kumrudisha miezi michache baadaye, aliaga mara mzunguko ulipomalizika, timu ikiwa haijapoteza mchezo. Simba iliachana na Abdallah Kibadeni ikamleta Mcroatia Zdravko Logarusic. Yanga ilisubiri hadi Desemba 21, siku ya mechi ya hisani ya Nani Mtani Jembe. Mechi haikuwa ya ligi, haikuwa na pointi hata moja, lakini Simba ilishinda 3-1 na Mholanzi Ernie Brandts akatupiwa virago, kazi ikachukuliwa na Mholanzi mwenzake, Hans van der Pluijm. Kati ya wanne wa juu, ni Mwambusi peke yake aliyebaki kwenye benchi lake.

Azam ilimchukua Joseph Omog, Mkameruni aliyekuwa ameipa AC Léopards ya Congo-Brazzaville Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2012. Msaidizi wake alikuwa Kally Ongala, mshambuliaji wa zamani wa Yanga na mtoto wa mwanamuziki Dk. Remmy. Omog hakuwa mtu wa maneno mengi wala timu yake haikuwa ya kufunga mabao sita. Mabeki walikuwa Aggrey Morris, Said Morad na Erasto Nyoni. Katikati Himid Mao, Salum Abubakar 'Sure Boy' na Kipre Bolou. Mbele Tchetche na Bocco. Kikosi kilekile, takriban, cha Hall. Kilichobadilika ni tabia ya kuridhika na sare. Azam ilipata sare sita katika mechi 13 za kwanza. Katika 13 za lala salama ilipata mbili, nyingine 11 ikashinda.

Hapa ndipo maelezo ya kawaida ya msimu ule yanapopungua uzito. Kijiweni husemwa kwamba Yanga iliutupa ubingwa. Takwimu zinakataa. Yanga ilivuna pointi 28 mzunguko wa kwanza na 28 mzunguko wa pili, bila kupungua hata moja, na ilimaliza ikiwa na mabao mengi kuliko bingwa. Aliyetupa ni Simba, iliyookota pointi 14 tu kati ya 39. Azam ilizoa 35.

Ratiba nayo ilichangia, na katika hili Azam ilinufaika na kushindwa kwake. Kwenye Kombe la Shirikisho iliifunga Ferroviário da Beira ya Msumbiji 1-0 nyumbani, ikapigwa 2-0 ugenini, ikarudi mapema kucheza ligi. Yanga, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, ilikuwa na safari ndefu zaidi. Baada ya kuipiga Komorozine ya Comoro jumla ya mabao 12-2, ilikutana na Al Ahly ya Misri, mabingwa wa Afrika. Machi 1, Nadir Haroub 'Cannavaro' alifunga bao pekee Dar es Salaam. Siku nane baadaye, Alexandria, Al Ahly wakajibu kwa 1-0 na kuitoa Yanga kwa penalti 4-3. Hakuna timu ya Tanzania iliyokuwa imewatoa jasho Waarabu wale kiasi kile kwa muda mrefu. Lakini Yanga ilirudi nyumbani na viporo mkononi na miguu mizito.

Machi 19 wakakutana tena na Azam. Kavumbagu aliitanguliza Yanga, na zikiwa zimesalia dakika chache Kelvin Friday, naye kinda wa akademi ya Chamazi, akasawazisha. 1-1.

Jumapili ya Machi 30 ikawa nzito zaidi. Dar es Salaam, Azam iliishinda Simba 2-1 kwa mabao ya Khamis Mcha na Bocco. Tanga, Uwanja wa Mkwakwani, Yanga ilifungwa 2-1 na Mgambo JKT, timu ya kambi ya Handeni iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja. Wana-Msimbazi walikosa nguvu za kucheka, kwa kuwa Mgambo haohao walikuwa wamewafunga wao 1-0 Februari palepale Mkwakwani.

Azam ilimaliza na pointi 62, Yanga 56. Pengo la pointi sita linaonekana pana, lakini ukitoa bao la Kimwaga la Septemba na la Friday la Machi hali inakuwa nyingine: Azam inabaki na 59, Yanga inapanda hadi 59, na kwa tofauti ya mabao kombe linakwenda Jangwani. Vijana wawili wa akademi, kila mmoja kwa bao moja la dakika za lala salama. Klabu iliyosemwa kwamba inanunua kila kitu iliupata ubingwa kwa mabao ambayo haikuyanunua.

Kazi ilimalizwa Aprili 13, Sokoine. Azam ilihitaji ushindi mbele ya watu ambao timu yao ilikuwa haijapata kuiheshimu timu yoyote ya Dar es Salaam. Gaudence Mwaikimba alitangulia kufunga kabla ya mapumziko. Mwagane Yeya akasawazisha kipindi cha pili, na uwanja ukalipuka. Yanga siku hiyo ilikuwa Arusha ikiifunga JKT Oljoro 2-1, kwa hiyo sare ya Mbeya ingeacha mbio wazi hadi siku ya mwisho. Mechi ikielekea ukingoni Bocco akafunga la pili. Nahodha huyo alikuwa na timu hiyo tangu ilipokuwa madaraja ya chini, na kama kulikuwa na mtu mmoja aliyestahili bao lile, ni yeye.

Aprili 19 yalikuwa mambo ya kukamilisha. Azam ilicheza na JKT Ruvu Chamazi na kukabidhiwa kombe. Simba na Yanga wakatoka 1-1 Taifa, Haruna Chanongo akifunga kwa upande mmoja na Simon Msuva kwa upande wa pili, katika pambano la nadra la watani ambalo halikuwa na cha kuamua. Mbeya City ilishika nafasi ya tatu kwa pointi 49, ikiwa imefungwa mechi tatu tu, pointi 11 juu ya Simba. Mfungaji bora aliibuka Amissi Tambwe, Mrundi aliyetoka Vital'O, kwa mabao 19 aliyoyafunga katika Simba iliyoyumba. Ashanti, Oljoro na Rhino Rangers zikashuka.

Majira yaleyale ya joto la usajili Kavumbagu na Frank Domayo walihama Yanga kwenda Azam, na ilionekana kana kwamba zama mpya zimeanza. Hazikuanza. Februari 2015 Azam iliifunga El Merreikh ya Sudan 2-0 Chamazi katika Ligi ya Mabingwa Afrika, ikaenda kupigwa 3-0 ugenini, na Omog akaondolewa. Baadaye alionekana akiwafundisha Simba. Simba yenyewe ilimwacha Tambwe katikati ya msimu, Yanga ikamwokota, akaisaidia kurudisha kombe Jangwani 2015 na kuwa mfungaji bora tena 2015/16 kwa mabao 21. Mwambusi naye alihamia Yanga kuwa msaidizi wa Pluijm. Kuanzia 2014/15 hadi 2024/25, misimu 11 mfululizo, bingwa alikuwa Yanga au Simba. Mbeya City ilishuka daraja 2023, ikarejea Ligi Kuu miaka miwili baadaye ikipanda sambamba na Mtibwa Sugar.