Kitabu Kilichochapwa Ndanda

Mwaka 1998 Ndanda Mission Press, kiwanda cha uchapaji cha watawa wa Benediktini wilayani Masasi, kilitoa kitabu cha Kiingereza kiitwacho The Media History of Tanzania. Mwandishi wake, Martin Sturmer wa Austria, alikuwa amechambua uhusiano wa sera ya lugha na magazeti ya Tanzania tangu enzi za wakoloni. Mpaka leo kitabu hicho hutajwa mara kwa mara katika tafiti za uandishi wa habari nchini. Hakikutoka Dar es Salaam wala ng'ambo. Kilitoka chini ya uwanda wa juu wa Makonde, kando ya barabara iendayo Masasi.

Na hapo palistahili, kwani Masasi na Newala zimo katika historia hiyo tangu kurasa zake za mwanzo.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitoka Zanzibar, akapita Lindi na kuelekea bara pamoja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwafikisha kwao, karibu na Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi, wakajenga. Miaka sita baadaye Wangoni walikivamia kituo hicho, na Chauncy Maples akahamishia kazi Newala, katika himaya ya Matola. Vijana wa huku walipelekwa kusoma Kiungani, Zanzibar, na baadhi yao wakarudi kuwa walimu.

Kiungani ndiko lilikoanzia Msimulizi mwaka 1888, mojawapo ya magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Halikuwa na waandishi wa kulipwa. Lilitegemea habari kutoka vituo vya misheni, vya Masasi na Newala vikiwemo, na mara nyingi walioziandika walikuwa walimu waliopita shuleni hapo hapo. Mwalimu aliandika barua, ikabebwa kwa miguu siku kadhaa hadi Lindi, ikapakiwa chomboni kwenda Unguja, ndipo ipangwe herufi moja moja na kupigwa chapa. Mwaka huo huo watu wa pwani, toka Pangani hadi Lindi, waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani, kwa hiyo hata njia yenyewe ya barua haikuwa salama.

Walimu hao wanastahili kuitwa waandishi wa habari bila kusitasita. Walichagua tukio la kuandika na la kuacha, wakawaandikia wasomaji wasiowaona, na walijua kwamba majirani zao wangeisoma habari hiyo na kuwauliza. Kusoma kwao ualimu ndiko kulikokuwa kusoma kwao uandishi. Shule ya habari ya mwanzo upande huu wa nchi ilikuwa shule ya walimu.

Magazeti mengine yalifuata njia hiyo hiyo. Habari za Mwezi lilitoka Magila, Kiongozi likatoka shule ya serikali ya Wajerumani Tanga mwaka 1904. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 chini ya Waingereza, lilisimamiwa na idara ya elimu. Emma Hunter, katika utafiti wake wa mwaka 2015 kuhusu fikra za kisiasa Tanganyika, aliyachukua magazeti ya Kiswahili kuwa ukumbi ambamo watu walijadiliana maana ya maendeleo na uraia. Huo ni mwelekeo mzuri: msomaji aliyetuma barua kwa mhariri naye anapewa nafasi katika historia.

Mtoto wa Masasi aliyefika mbali zaidi katika kazi hii ni Benjamin Mkapa. Alizaliwa Lupaso mwaka 1938, akasoma Ndanda kabla ya kwenda Pugu, kisha Makerere, ambako alichukua shahada ya Kiingereza. Mwaka 1966 alikabidhiwa uhariri wa The Nationalist, gazeti la TANU. Hakuwa amesomea uandishi wa habari. Alipelekwa London, katika gazeti la Daily Mirror, akajifunze kazi chumba cha habari. Mwaka 1972, The Nationalist na The Standard yalipounganishwa kuwa Daily News, yeye ndiye aliyekuwa mhariri, na mwaka 1976 akawa mkurugenzi mwanzilishi wa shirika la habari la taifa, SHIHATA.

Wakati huo Tanzania ilikuwa imeanza kuwafundisha waandishi wake yenyewe. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, TSJ, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1975, na mwaka 2003 kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyegezi, Mwanza, taasisi ya Kanisa Katoliki iliyokuwa ikifundisha fani hiyo ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998, mwaka ule ule wa kitabu cha Ndanda.

Ila kwa anayetaka kuwachunguza walimu wale wa mwanzo, kumbukumbu za UMCA zimehifadhiwa Oxford, Uingereza. Mwanafunzi wa Newala anayetaka kuandika tasnifu kuhusu walimu waliotuma habari kutoka kijijini kwao yuko mbali zaidi na karatasi hizo kuliko mtafiti wa Ulaya. Nakala za kidijitali zingeweza kuwekwa katika maktaba za Masasi na Newala, na kazi ya kwanza ingekuwa kuwaorodhesha walimu hao kwa majina na vituo, kisha kuwauliza wajukuu wao nini kingine kilibaki nyumbani.